Panya Hawakuonjewa

Salale,
4 Juni 2023

Mke mwenzangu Hajira,

Mbegu nimempa Hemedy wa boti. Ziko ndani ya kopo la maziwa, juu nimefunga kitambaa na kitambaa nimekifunga mafundo. Kopo likikufikia limefunguliwa nijulishe, nitamshukia gatini mbele ya abiria wake.

Anayeandika ni Safina, mke wa baba yako mdogo Kheri. Mie nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asinipambie maneno. Ulitaka nikupigie simu. Mtandao wa huku unaujua, unashika gatini tu, pale wanapokaa wanunuzi wa kamba, na mie matumbo ya wanawake wa watu siwezi kuyapigia kelele mbele ya wanunuzi wa kamba.

Umeniomba nikueleze dawa yote. Nakueleza kwa kuwa ni wewe. Jina la mti silitaji, barua hii inapita mikono mingi, na wewe mti unaujua, umeuparamia tangu ungali na mapengo. Mbegu zinapondwa, zinachemshwa mpaka maji yawe rangi ya chai iliyolala. Mwanamke mwenye chango anakunywa kikombe kila asubuhi mpaka tumbo liache kumkata na damu yake ikae sawa. Anayetafuta mtoto anaendelea mpaka apate au achoke.

Na mwenye kutoa dawa hunywa kwanza. Kila chungu kipya, kila mwanamke mpya, kwanza mie. Alinifunza hivyo somo yangu Mwanaidi, Mungu amrehemu, alipokuwa ananifunda. Alisema uchungu wa dawa lazima umwingie mtu, basi umwingie mtoaji, mgonjwa abaki na nafuu. Nimeuchukua uchungu huo tangu baba yako hajazaliwa na sijafa.

Yule nesi wa zahanati anawaita wanawake wangu wajinga. Wanakunywa kwa kujificha, kama wezi. Ndiyo maana nimekupa mbegu. Mtaalamu wenu akisema ni nzuri, na iandikwe, watu wanywe mchana. Akisema mbaya, hapo sijui tutashika wapi.

Sasa hebu nieleze jambo moja. Safina anasema dawa mtaipima kwa panya. Panya nao wana chango?

Bibi yako,
Zena binti Mustapha


Dar es Salaam,
2 Julai 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Kopo limefika na mafundo yako yote, nimeyafungua kwa meno. Mwambie Hemedy amepona.

Umenichekesha, Bibi. Panya hawana chango. Hatupimi kama dawa inaponya, hilo ni la baadaye. Kwanza tunapima kama ina sumu. Panya wenyewe ni weupe, macho mekundu, wamezaliwa humuhumu maabara, hawajawahi kuiona stoo ya mpunga. Mbegu tumezisaga, tumekamua dawa yake, tumeikausha ikawa unga. Unga tunaukoroga na maji, tunawanywesha kwa sindano butu inayopita kooni. Nilipomshika wa kwanza aliniponyoka mara mbili mpaka Dk. Abdulrazaq, mwalimu wangu, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Bibi, hakuna hata mmoja aliyekufa. Tuliwapa mara moja tu, lakini dozi kubwa kupita kiasi, kisha tukawaangalia wiki mbili. Wanakula, wanapigana, manyoya yanang'aa. Dk. Abdulrazaq amesema tumeanza vizuri. Nilitoka nje nikacheka peke yangu.

Imebaki sehemu ya pili, ya kuwanywesha kila siku mwezi mzima. Ikiisha nitakuandikia.

Mjukuu wako,
Hajira


Salale,
19 Julai 2023

Mke mwenzangu,

Barua yako imesomwa kwenye arusi ya binti wa jirani, mbele ya wanawake wote, Safina amesimama juu ya kinu ili asikike. Alipofika pale pa "hakuna hata mmoja aliyekufa" vigelegele vilipigwa mpaka wanaume wakaja kuuliza bwana harusi kafanya nini.

Tangu siku ile chungu hakishuki motoni. Wanakuja kwa mitumbwi, mpaka wa ng'ambo ya mkondo ambao zamani walikuwa wanapita mbali na ua wangu. Kila mmoja nakunywa naye. Ulimi umekuwa mgumu kama soli. Chakula sikisikii ladha, Safina akipika naona kama natafuna karatasi, naye anadhani namsema mapishi yake. Ngozi inaniwasha hasa magharibi ikiingia. Uzee nao unataka haki yake.

Mwanamina amekuja pia. Yule mliyekuwa mkichezea naye matope, aliolewa kule kwa wakata mikoko. Mimba zimemtoka, moja baada ya nyingine, na mumewe ameanza kukaa barazani kwa watu wenye mabinti. Amelia hapa mpaka kanga yangu imelowa. Nimemwambia, "Acha kulia wewe, unamharibia mjukuu wangu elimu. Dawa imepimwa Dar." Akanywa.

Niulizie hao panya, mnawapa dawa kwa bismillahi au mnawatia tu?

Bibi yako,
Zena binti Mustapha


Dar es Salaam,
30 Agosti 2023

Bibi,

Shikamoo. Sijambo. Kazi inaendelea, ni nyingi kidogo.

Naomba upunguze kunywa. Joto ni kali, na mtu wa umri wako anahitaji maji ya kawaida. Waambie wanawake wasubiri kwanza mpaka nimalize. Hakuna tatizo, ni taratibu tu za maabara.

Mkojo wako ni wa rangi gani siku hizi?

Hajira


Salale,
12 Septemba 2023

Hajira,

Barua gani hii? Safina ameisoma mara moja ikaisha kabla sijakaa vizuri. Nimemwambia ageuze nyuma, nyuma hakuna kitu.

Mie sijasoma lakini si kiziwi. Mtu akikwambia hakuna tatizo hali hujamuuliza, tatizo lipo na limekaa kitako. Na tangu lini wewe ukaniuliza mkojo wangu? Nimekuogesha mie, sijawahi kukuuliza wako.

Haya, kwa kuwa umeuliza. Umekuwa mweusi kama kahawa. Miguu imejaa, kandambili zangu nimempa Safina zinamtosha yeye. Safina anasema weupe wa macho yangu umekuwa manjano, nikamwambia ni moshi wa chungu, akasema moshi unapaka wekundu. Ana ubishi huyu.

Mwanamina bado anakunywa. Amepata nafuu ya tumbo, anasema halimkati kama zamani. Anachoka tu.

Sema, mwanangu. Ukinificha mie utamwambia nani?

Bibi yako


Dar es Salaam,
1 Oktoba 2023

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama mdogo Safina, naomba umkalishe kwanza, umpe maji, ndipo usome.

Dawa ina sumu, Bibi. Anayekunywa mara moja hadhuriki. Anayekunywa kila siku inamkaa kwenye ini.

Tuliwagawa panya makundi manne. Kundi moja lilipewa maji matupu, mengine dawa, kidogo, wastani na nyingi. Wa dozi kubwa wawili walikufa kabla mwezi haujaisha. Wengine walizubaa, wakaacha kula, wakajikuna mpaka manyoya yakatoka, mkojo ukawa mweusi, masikio yakawa manjano. Mwezi ulipotimia tukawalaza kwa dawa ya usingizi, tukawafungua. Maini ya waliokunywa dawa yamevimba, yana mabaka meupe. Hata ya wale wa dozi ndogo hayakuwa safi. Ya waliokunywa maji matupu yalikuwa mazima, laini, mekundu.

Nilijua tangu Agosti. Niliogopa. Niliwaza ile barua iliyosomwa arusini nikashindwa kuandika nyingine ya kuifuta.

Bibi, kujikuna, umanjano, mkojo mweusi: hayo ndiyo niliyoyaona kwenye vizimba vyangu. Umekunywa na kila mwanamke, miaka yote. Acha leo. Nenda Kibiti hospitali wakupime ini. Na Mwanamina aache leo, na wote waache leo. Niseme vipi tena? Leo.

Wako,
Hajira


Salale,
11 Oktoba 2023

Mke mwenzangu,

Safina amesoma mpaka mwisho, hajaruka, hata pale pa mabaka. Nilikuwa nimekaa. Maji sikunywa.

Nina maswali.

La kwanza. Hao waliokunywa maji matupu, maini yao yalikuwa mazima. Mmeyaonaje kama hamkuwafungua? Kumbe nao mmewaua! Aliyekunywa sumu kafa, aliyekunywa maji naye kafa. Kosa lake nini huyu wa maji? Safina anasema ni lazima kulinganisha. Mie nimeshindwa kulala kwa ajili ya hao wa maji.

La pili. Ulipowanywesha, wewe ulikunywa? Hukunywa. Ulisimama na glavu zako, mwalimu wako na glavu zake, mkawatia dawa kooni hamjaionja. Sasa uchungu wake uingie wapi? Umewaingia wao! Nilikuandikia kabisa kwenye barua ya kwanza, mwenye kutoa hunywa kwanza, na wewe ukaona hilo ni porojo la kizee. Panya hawakuonjewa, Hajira. Ungewaonjea wangepona.

Lakini sikiliza. Mie sitamnywesha mtoto wa mtu kitu ambacho mjukuu wangu amekiandika kuwa sumu. Nimemwaga chungu. Nimepanda mtumbwi na Kheri tumepita nyumba kwa nyumba, Salale yote na ng'ambo, nimewaambia wamwage. Wengine wamenitukana. Mmoja amesema nimenunuliwa na nesi. Mwanamina aliichukua chupa yake akaikumbatia kama mtoto, nikamnyang'anya. Nimemnyang'anya kwa nguvu, nikamkwaruza mkono.

Mie mzima. Usinifikirie. Nami nimeacha.

Bibi yako,
Zena binti Mustapha


Salale,
5 Novemba 2023

Mwanangu Hajira,

Hii ni ya kwangu mwenyewe, Safina. Bibi hajui. Nimemwambia namwandikia dada yangu Ngorongo.

Hajaacha. Wanawake amewazuia kweli, hata tone hatoi. Anakunywa yeye peke yake. Anachemsha jikoni kwangu nikiwa shamba, bakuli zima, si kikombe, kila siku inayokuja. Nilimkuta. Nikamuuliza, "Mama, si ulimwandikia mtoto kwamba umeacha?" Akaniambia, "Nilisema nimeacha ili ashike masomo yake. Wewe nyamaza." Nikamwambia hiyo ni sumu. Akasema ni sumu kwa panya, kwa kuwa panya hawana wa kuwaonjea, lakini yeye ndiye mtoaji na ndiye mnywaji, basi uchungu unarudi kwa mwenyewe na hauna cha kumfanya.

Amejipa mwezi mzima, kama mlivyowapa wale. Anasema ukiisha atakuja huko Dar mumpime, muone ini zima, ndipo utafuta ulichoandika na mwalimu wako atakupa cheti, na Mwanamina atarudishiwa chupa yake. Nikamwambia, na ukifa kabla? Akasema, "Nikifa wanifungue kama panya, waangalie." Astaghfirullah, Hajira. Mtu mzima, anayeswali, anataka afunguliwe! Kheri alitoka nje.

Wiki hii haamki vizuri. Ananiita jina lako. Tumbo limejaa maji, akilala upande linalala naye. Nimemwaga bakuli mara mbili, mara zote akateka maji mengine.

Mimi maneno yangu hayamwingii. Ya kwako yatamwingia.

Mama yako mdogo,
Safina


Dar es Salaam,
9 Novemba 2023

Bibi,

Acha. Nakuomba kwa maziwa uliyomnyonyesha baba yangu, acha.

Mama mdogo ameniambia, usimgombeze. Sumu haijui mtoaji wala mpewaji. Ingekuwa ni mimi niliyekunywa kwanza ningekuwa na ini bovu mimi na panya wangu, basi. Somo yako hakukudanganya, alikupa alichokuwa nacho. Lakini hakuwahi kufungua ini la mtu akaliangalia, na mimi nimefungua mengi, na nikifumba macho nayaona.

Sitafuta kitu. Hata ukija na ini la dhahabu sitafuta.

Nimempigia baba mdogo Kheri, alikuwa gatini, amenisikia. Atakuvusha mpaka Nyamisati, kisha Kibiti. Mimi kamati ya chuo inausikiliza utafiti wangu Alhamisi ijayo. Nikitoka hapo nakuja moja kwa moja.

Hajira


Kibiti,
3 Desemba 2023

Hajira, mke mwenzangu,

Niko hospitali hapa Kibiti, kitanda cha dirishani. Safina anaandikia gotini. Nimemgombeza kwa ile barua yake, kisha nimemshukuru, amelia mara zote mbili.

Daktari ni kijana, ana adabu. Alizunguka na maneno mpaka nikamwambia, "Baba, mimi nakijua ulicho nacho mkononi, kitaje." Akasema ini limekwisha sehemu kubwa. Nikamuuliza, lina mabaka? Akashangaa. Tumbo wamelitoboa wametoa maji, ndoo na kitu, na linajaa tena.

Basi panya wako walisema kweli. Nilikunywa kwanza, nikanywa katikati, nikanywa mwisho, na uchungu haukuniacha nyuma hata kidogo. Nilimwamini somo yangu. Na bado nampenda, usimseme. Hakuwa anaua watu kwa kusudi, wala mie. Lakini nimehesabu kichwani wanawake niliowanywesha waliokufa na macho ya manjano, tukasema ni homa. Nilipofika kwa binti wa jirani, yule wa arusi, nikaacha kuhesabu.

Andika yote. Mwalimu wako akikwambia panya wanatosha, mwambie yupo na mtu. Niweke jina, usiniite mama mmoja wa delta. Lakini kunifungua, hapana, Kheri amekataa na nimemkubalia. Mwanangu atanizika sijafunguliwa.

Sasa la kwako. Alhamisi imepita. Nyingine imepita. Hukuja. Simu umempigia Kheri, umemuuliza nimekula nini, ukakata kabla hajanipa. Unaniogopa, wewe. Unadhani nitakutazama na macho haya ya manjano nikusemeshe kuhusu Agosti. Mwanangu, hata ungeniandikia Agosti ningekunywa tu, ungeniona mbishi vilevile. Hilo limekwisha, lishushe.

Lisilokwisha ni hili. Jana amekuja Mwanamina. Amepanda boti, amepanda gari, na wali wa nazi ndani ya hotipoti. Akakaa hapa ubavuni. Nilimlazimisha apimwe damu, daktari akasema ini lake bado linaweza kupona akikaa mbali na dawa ile. Nikasema alhamdulillahi. Yeye hakusema alhamdulillahi. Tumbo limerudi kumkata, siku za damu anatambaa. Mumewe amekwisha peleka posa kwingine.

Akaniambia, "Bibi, nipe dawa."

Nikamwambia haipo, imekatazwa.

"Imekatazwa na nani?"

"Na mjukuu wangu."

Akanifunulia wali, akanilisha vijiko viwili. Kisha akasema, "Haya. Yeye ametupa nini badala yake?"

Hajira, mie mdomo huu haujawahi kukosa jibu. Nimegombana na mashehe, nimegombana na manesi, nimegombana na babu yako miaka arobaini mpaka akafa bila kushinda hata mara moja. Jana nilikosa. Hospitali wamempa vidonge vya maumivu na tarehe ya kurudi mbele kabisa, na nauli hana.

Yuko hapa bado. Amelala chini ya kitanda changu, juu ya mkeka, amekunja magoti mpaka kifuani. Anasema hatoki mpaka mjukuu wangu aje. Na mie nimemwambia unakuja. Sikukuuliza, nimesema tu.

Njoo na dawa ya chango. Kama huna, njoo hivyo hivyo, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Mie siwezi kumrudisha mwanamke nyumbani na maumivu yake mikononi. Sijui inavyofanywa.

Bibi yako,
Zena binti Mustapha
kwa mkono wa Safina